Timu Kumi na Sita za Mjomba Mahamudu

Mimi niliwahi kuiombea Tanzania ifungwe. Mnaotaka kununa, nuneni sasa hivi tumalizane, halafu mnisikilize. Mwaka ule wa 2007, nchi nzima ikiwa imejifunga bendera kichwani, mimi Sabaha binti Abdala, fundi cherehani wa soko la Ruangwa, nilikuwa nabaki juu ya mswala baada ya kila sala nikimwomba Mungu awape nguvu Msumbiji. Na aliyenifikisha huko si mwingine, ni mjomba wangu Mahamudu Nandonde na kisu chake cha kupasulia korosho.

Mjomba alizaliwa Naipingo, kule Nachingwea, akahamia Ruangwa kwa ajili ya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukagua korosho kwenye ghala la ushirika. Mkulima analeta gunia, Mjomba anazamisha mkono mpaka begani, anatoa korosho za juu, za katikati na za chini kabisa, kisha anazipasua moja moja. Kiini kikiwa cheupe na kimejaa, daraja la kwanza. Kikiwa na madoa au kimesinyaa, daraja la pili. Akikuta tupu, anamtazama mkulima bila kusema neno mpaka mkulima mwenyewe anaanza kuomba radhi. Mafuta ya maganda yalikuwa yamembabua vidole vyote vya mkono wa kulia, vikawa vyeusi tii, na alijivunia vidole hivyo kuliko alivyojivunia sisi ndugu zake.

Mpira hakuwahi kuucheza. Mama yangu, Mwamina, ambaye ni dada yake, anasema utotoni walimweka golini mara moja tu, na mchezo ukiwa katikati akaondoka kwenda kula mabibo. Lakini redio hakubanduka nayo. Alikuwa anajua nani yuko kundi moja na nani katika kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kabla hajajua jina la mtoto aliyezaliwa nyumba ya pili.

Msimu mmoja, mwaka 1995, akiwa ghalani hana mkulima wa kumtesa, akapata wazo. Kama korosho tatu zinaweza kumwambia gunia zima likoje, zitashindwaje kumwambia timu ikoje? Akaokota korosho, akazipa majina. Kila timu tatu. Mbili zikiwa nzima, timu imefuzu. Mbili zikiwa mbovu, wakajaribu tena baada ya miaka miwili. Alipopata timu kumi na sita za kwenda Afrika Kusini akazibeba kichwani mpaka nyumbani, akaziandika kwa mkaa kwenye ukuta unaotazama barabara. Mke wake alikuwa ameupaka chokaa ukuta huo wiki iliyopita tu. Walinuniana mpaka Krismasi, na wao ni Waislamu.

Sasa, Nigeria kwa kuwa ndio waliokuwa mabingwa, walikuwa wameshaingia bila kutoa jasho. Hapakuwa na sababu ya kuwapasua. Mjomba akawapasua hivyo hivyo, kwa kutimiza wajibu. Ya kwanza tupu. Ya pili tupu. Ya tatu tupu! Akasema mbele ya watu, "Nigeria hawaendi Afrika Kusini." Walimcheka jamani! Mtani wake Bwanali, muuza baiskeli kuukuu, alicheka mpaka akakaa chini. Alimwambia, "Mahamudu, bingwa haendi kutetea kombe lake? Hayo mafuta ya korosho yameshapanda kichwani."

Januari ikaingia, redio ikatangaza kwamba Nigeria wamejitoa. Mambo ya siasa huko kwao. Bwanali alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui alikiacha wapi. Alisimama mbele ya ukuta ule, akautazama, akamtazama Mjomba, akaondoka.

Tangu siku hiyo Mjomba akawa mtu mwingine. Mabasi ya Lindi yalikuwa yanapunguza mwendo pale kwake ili abiria wasome ukuta. Wachimbaji wa dhahabu wa Namungo, watu wasiomwamini hata mama mzazi, walikuwa wanakuja na vumbi lao kumuuliza habari za Zambia. Akaanza kutembea taratibu. Ukimsalimia, anakaa kidogo ndiyo anaitikia.

Ila kulikuwa na jambo moja. Tanzania ilikuwa inafuzu kila mara. Namaanisha ukutani. Tulifuzu kwenda Afrika Kusini, tukafuzu kwenda Burkina Faso, tukafuzu kwenda Ghana na Nigeria, tukafuzu Mali, tukafuzu Tunisia, tukafuzu Misri. Kila msimu jina la kwanza ukutani, kwa herufi kubwa, TANZANIA, na kila msimu tunatolewa mapema hata wino wa ratiba haujakauka. Msumbiji je, ambao korosho zao alizitupa kwa mbuzi? Walikwenda mara mbili mfululizo. Ukimuuliza, Mjomba anajibu bila kupepesa macho, "Korosho haikukosea. Timu ndiyo iliyoikosea korosho."

Sisi wa nyumbani tulikuwa tunajua siri ya herufi kubwa. Korosho za mataifa mengine alizitoa kwenye gunia lolote la ghalani. Za Tanzania alizitoa kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa chini ya kitanda. Na za kopo zilichumwa kwenye mkorosho mmoja tu, ulio nyuma ya nyumba, anaoupulizia dawa ya salfa kwa mikono yake na kuusemesha asubuhi. Mkorosho ule haujawahi kuzaa kiini kibovu. Hata ungeniandika mimi jina kwenye korosho zake, ningefuzu.

Tuliijua siri hiyo, tukanyamaza. Nani angeanza?

Aliyeanza ni Nasri.

Nasri alikuwa bwana shamba, kijana wa Kigoma aliyeletwa Ruangwa na serikali. Aliniletea suruali niishone mpasuko. Baada ya siku tatu akairudisha, imepasuka pembeni. Wiki iliyofuata akarudi nayo tena. Nikaitazama ile suruali vizuri, nikaona mpasuko umenyooka, umekatwa kwa wembe. Nikamwambia, "Kaka, kama una neno sema, usiue nguo." Akasema neno. Nikamwambia apeleke posa.

Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye msichana. Baba yangu alikuwepo, mzima wa afya, lakini ukimuuliza lolote kuhusu ndoa yangu anajibu, "Muulizeni mjomba wake," na kuendelea kula. Nasri hakuwa na ndugu huku, akamwomba Bwanali awe mshenga wake. Wakaja baada ya Idi, Novemba 2006. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na Mama, tumebanana, tunasikiliza.

Bahati mbaya kubwa, waliingia Mjomba yuko kazini. Maana yake, alikuwa sakafuni barazani, gunia huku, kopo kule, anapasua za kwenda Ghana mwaka 2008. Tulikuwa tumepangwa na Senegali, Burkina Faso na Msumbiji. Burkina Faso tumeshawafunga nyumbani, na Msumbiji tumetoka nao sare kwao, kwa hiyo Mjomba alikuwa na furaha sana.

"Shikamoo, Mzee," Nasri akasema.

Mjomba akakaa kidogo. "Marahaba. Kaa uone. Senegali hawa." Pasu! Madoa. Pasu! Nzima. Pasu! Imesinyaa. "Hawaendi. Sasa Tanzania." Akafungua kopo. Pasu, pasu, pasu. Nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Nasri akainama, akatazama gunia, akatazama kopo. Nyuma ya pazia Mama akanong'ona, "Asiseme."

Akasema. "Samahani, Mzee. Hizi hazikutoka gunia moja."

"Ehe?"

"Sampuli lazima zitoke mahali pamoja, Mzee. Hizi za kopo zimechaguliwa. Ukipasua kwa haki, naona Senegali ndio watakaopita. Sisi hatuendi."

Bwanali alijifanya anakohoa. Mjomba akafunga kopo, akafuta kisu kwenye paja, taratibu, upande huu na upande huu.

"Kijana, umekuja kuoa au umekuja kukagua?"

"Kuoa, Mzee."

"Mtu asiyeiamini nchi yake, mke atamwaminije?" Hakungoja jibu. "Nasema mbele ya mshenga wako. Tanzania ikifuzu, urudi kwenu Kigoma na suruali zako. Isipofuzu, nitasimama mbele ya watu wote, nitasema kopo langu lina upendeleo, na Sabaha ni wako. Mpaka hapo sitaki kukuona unazungukazunguka cherehani yake."

Nilitaka kutoka nyuma ya pazia nimpasue yeye. Mama akanishika kwa nguvu zote. Mwaka mzima! Ndoa yangu imewekwa rehani kwa timu ya taifa, tena bila mimi kuulizwa!

Basi ndiyo nikaanza kujua mpira. Mimi ambaye nilikuwa sijui kona ni kitu gani, nikawa naulizia hali ya goti la mshambuliaji wa Senegali. Machi 2007 tukafungwa manne bila kule Dakar. Watu sokoni nyuso zimewashuka, mimi nikanunua nyama. Lakini Juni tukatoka sare na hao hao Senegali pale Mwanza, roho ikaanza kunienda mbio. Wiki mbili baadaye tukaenda Burkina Faso, kwao, tukawafunga bao moja. Kwao! Ruangwa ilitoka nje nzima. Watu wakapiga ngoma kwenye masufuria, mzee mmoja akabebwa na hakujua anabebwa kwa nini. Mimi nilijifungia chumbani nikalia.

Na mateso hayakuishia hapo. Kesho yake wateja wakaja wamejipanga. Wote wanataka bendera. Bendera ya kufunga kwenye baiskeli, bendera ya kuvaa mabegani, bendera ya kuning'iniza dukani. Nilizishona kwa mikono yangu mwenyewe, kijani, njano, nyeusi, bluu, zaidi ya arobaini, kila moja nikiisonya kabla ya kuipiga pasi. Mjomba alipita akanikuta nimezama kwenye vitambaa, akasema, "Safi sana, mpwa wangu. Uzalendo huo." Nikajichoma sindano.

Ikabaki mechi moja. Nyumbani, Dar es Salaam, dhidi ya Msumbiji, Jumamosi ya tarehe nane Septemba. Tukishinda, mlango wa Ghana uko wazi. Tukitoka sare, tumaini dogo linabaki. Tukifungwa, basi. Ramadhani ilikuwa imebaki siku chache, na Nasri alikuwa ameshanitumia ujumbe kwa Bwanali kwamba mambo yakienda vizuri tufunge ndoa mara tu baada ya Idi. Kwa hiyo nilijua hasa ninachoombea.

Jumamosi hiyo uwanja wa nyumbani kwa Mjomba ulijaa. Redio aliiweka juu ya kinu kilichofunikwa kitambaa, mahali ambapo kila mtu angeiona, kana kwamba kuiona kunasaidia. Mimi na Mama tulikuwa jikoni, wali jikoni, maharage jikoni, masikio nje. Nikachungulia dirishani nimwone Nasri. Akaingia, kavaa jezi ya Taifa Stars na bendera mabegani. Nikaijua kwa mshono, ilikuwa kazi yangu! Nikajisemea, ah, ni adabu tu hiyo, anamlainisha mzee. Kijana ana akili huyu. Nikazidi kumpenda.

Mechi ikaanza. Mtangazaji anakimbiza maneno, watu wanainuka, wanakaa. Mimi nakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa. Halafu, ghafla, sauti ya mtangazaji ikashuka. Bao. Si letu. Msumbiji wametufunga.

Uwanja ule ukawa kimya kabisa. Watu kama sitini, hakuna anayepumua. Na katikati ya kimya hicho, kutoka jikoni, kikatoka kigelegele.

Sikukipiga mimi. Yaani nilikipiga, lakini sikukusudia. Kilitoka chenyewe, kirefu, cha harusini kabisa, na kilipoanza sikujua pa kukikatia. Mama akanipiga mwiko wa mgongo. Nikachungulia dirishani. Watu wote sitini walikuwa wanatazama jikoni.

"Maharage yameiva!" nikapiga kelele.

Bwanali peke yake aliangukia mabega ya jirani yake akitetemeka, na hakuwa analia. Mjomba alinitazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso akaelekea redioni. Nikajua nimekwisha.

Dakika zilizobaki sitaki kuzikumbuka. Kila mpira ulipofika langoni mwa Msumbiji uwanja mzima uliinuka, nami nilishika kiti cha jikoni kwa mikono miwili. Mwisho kipenga kikalia. Tumefungwa bao moja, Ghana hatuendi. Watu walibaki wameduwaa. Mmoja akazima redio, mwingine akaiwasha tena, labda watabadilisha.

Mjomba akasimama. Alikuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa neno lake. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Nilitoa ahadi. Za Tanzania nazichuma nyumbani kwangu. Miaka kumi na miwili nimewadanganya na kopo. Huyu kijana alisema kweli. Nasri, mke umepata."

Nikatoka mlangoni mwa jikoni, mikono ina maharage, moyo umejaa mpaka shingoni, nimwone Nasri anavyofurahi. Nasri alikuwa amelala kifudifudi mchangani, ameng'ata bendera, analia.

Bwanali akamtikisa. "Wewe! Umepewa mke!"

"Tumetolewa, Mzee Bwanali," Nasri akasema. "Tumetolewa nyumbani kwetu."

"Umesikia nilichosema? Sabaha! Umepewa Sabaha!"

"Sare tu," Nasri akasema. "Hata sare tungepata jamani."

Damu ilinipanda. Nikarudi jikoni, nikabamiza mlango, nikakaa kwenye kiti. Mama akatoka kwa busara zake. Baadaye kidogo Mjomba akaingia, maana kwetu lazima bibi harusi aulizwe kwa mdomo wake, na mjomba ndiye anayeuliza.

"Watu wanasubiri jibu," akasema.

"Sitaki. Umeona mwenyewe. Alikuwa anataka tushinde! Tungeshinda, mimi ningekuwa wapi? Mwaka mzima nakesha namwombea Msumbiji kwa ajili yake, na yeye amenisahau kwa ajili ya mpira!"

Mjomba akavuta kigoda, akakaa. Akaviangalia vidole vyake. Nikangoja anigombeze kwa kile kigelegele, na nilistahili.

"Nilikusikia," akasema. "Nilifikiri unanidhihaki. Halafu nikaona si dhihaka, mtoto huyu anataka kuolewa kweli kweli." Akasogeza kigoda karibu. "Ule mpira wa mwisho, watu wote waliinuka. Mimi niliinuka?"

Sikukumbuka. Nikasema sijui.

"Sikuinuka. Niliinamisha kichwa nikasema, Mungu wangu, utoke nje." Akaelekeza kidole cheusi nje. "Na ukatoka. Miaka yote hii naingoja Tanzania ifuzu, Sabaha, na dakika ya mwisho nikaomba utoke nje."

Akaanza kulia. Mjomba Mahamudu, aliyekuwa anawaliza wakulima wa wilaya mbili, analia kwenye kigoda cha jikoni. Sijawahi kumpenda mtu namna ile, nami sikuwa na cha kumpa isipokuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Akajifuta nacho, uso ukabaki na masizi.

"Mimi nimeiuza nchi yangu kwa ajili yako," akasema, "na yule amekusahau kwa ajili ya nchi. Mtu yeyote akisikia haya kutoka kwako nitakukana mchana kweupe. Sasa sema. Bado unamtaka?"

Nikachungulia dirishani. Nasri alikuwa amekaa sasa, mchanga puani, Bwanali anamweleza kitu kwa vidole, mara ya tatu au ya nne. Nikamwona anasimama ghafla, anashika kichwa, anaanza kutazama huku na huku akiulizia jikoni ni wapi.

"Namtaka," nikasema.

"Basi nawa mikono, uje uitikie mbele ya watu. Na kigelegele usipige wewe. Safari hii waachie wenzako."